Mzigua Ndani ya Kitufe cha Kulia

Alhamisi, 1 Machi 2001

Mwajuma ameniamuru niandike kila siku kwenye kompyuta, ati vidole vyangu vinagonga kama mtu anayeua kunguni. "Andika chochote, Mshambaa. Andika ulichokula. Ila usijisifie mapishi, huna mpishi." Haya, naandika.

Mimi ni Rubeni Shemdoe, karani wa masijala maisha yangu yote ya kazi, mpaka shirika letu la mbao lilipobinafsishwa na mnunuzi akaona hahitaji majalada wala mtu wa kuyatunza. Kwa kiinua mgongo nikanunua kompyuta iliyotumika, nikapanga chumba karibu na soko la Lushoto. Nachapa barua za watu, katiba za vikundi na programu za ibada. Mke wangu Efrazia alifariki mwaka jana. Binti yetu ameolewa Mwanza. Nyumbani niko mimi na redio.

Mwajuma ndiye aliyeniuzia hii kompyuta. Ni Mzigua wa Handeni, mjane, umri wake kama wa binti yangu, ana chumba cha kufundishia kompyuta kule Soni. Kila Alhamisi anapanda huku kufundisha makarani wa ofisi, kisha anapita kwangu kukagua mashine na kunitukana. Anayo haki. Mzigua na Mshambaa ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakuamkii, hakustahi, na ukimkasirikia wewe ndiye umeshindwa.

Mvua bado.

Jumamosi, 3 Machi

Leo nataka kulalamika juu ya kitufe cha kulia. Mausi ya kompyuta ina vitufe viwili. Cha kushoto kinatenda. Cha kulia kinashusha orodha ya mambo unayoweza kulifanyia faili: fungua, kata, nakili, futa, badili jina. Orodha hiyo wanaiita menyu, kama ya hotelini. Kwa mashine mpya menyu ni fupi. Ya kwangu ni ndefu kama foleni ya sukari enzi za uhaba.

Aliyekuwa nayo huko Ulaya alijaza programu za kila aina, na kila programu imejiandikisha humo. Kuna ya kupiga muziki, kuna ya kubana mafaili, kuna ya kukagua virusi, kuna ya kutuma faksi na mimi faksi sina. Nyingine zimeandikwa kwa lugha ambayo nadhani ni Kidachi. Nikibofya, mashine inasimama, inawaza, inaguna ndani kwa ndani, ndipo orodha inashuka. Mteja naye ananitazama kana kwamba nimelala. Ndiyo hali ya nchi yenyewe sasa, tangu biashara iwe huria: kila mtu kajenga kibanda barabarani na vibanda vyote vinauza biskuti zile zile.

Masijala yangu haikuwa hivi. Jalada lisiloguswa lilikwenda ghalani, na mezani palibaki linalofanya kazi.

Jumatatu, 5 Machi

Nimechapa barua mbili. Makande yameungua.

Alhamisi, 8 Machi

Mwajuma kaja na tope mpaka magotini, maana mvua imeanza upande wa Soni. Nikamwambia, "Hii menyu uliyoniuzia imejaa takataka. Ziondoe."

"Ondoa mwenyewe, una mikono. Au Washambaa mikono mnayo kwa ajili ya kulia makande tu?"

Kanifundisha lakini. Kuna dirisha ambamo kila aina ya faili ina orodha ya vitendo vyake. Ukitaka kitu kitoke kwenye menyu, unakiondoa pale. Ukitaka kiingie, unakiandika pale, kwa maneno yako mwenyewe, na unaiambia mashine ifungue programu gani. Nilifurahi kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala. Nikaenda kuleta chai. Mzigua huyu akanywa chai yangu yote, akaaga kwa kusema nimezeeka kuliko juzi, akaenda zake.

Baadaye nikabofya jalada mojawapo la mafaili kwa kitufe cha kulia. Chini kabisa, baada ya ule Udachi wote, pameandikwa kwa Kiswahili fasaha: *Mpikie Mzigua*. Nikalibofya. Kikafunguka kikokotoo.

Ala! Nimeliondoa hapo hapo.

Ijumaa, 16 Machi

Jana alikuja tena, na leo nimekuta *Mwogeshe Mshambaa*. Ukibofya, inafunguka programu ya kuchorea. Nimeondoa. Nimeondoa na ile ya faksi. Menyu inashuka upesi kidogo.

Jumapili, 18 Machi

Kutoka kanisani mpaka nyumbani nimeamkiwa na watu wasiohesabika. Shikamoo mzee. Marahaba. Shikamoo mzee. Marahaba, hamjambo. Wote wameinamisha vichwa vizuri, wamefundwa makwao, na hakuna hata mmoja aliyesimama baada ya marahaba. Heshima yangu ni kubwa sana hapa mjini. Watu wanaipita kwa mbali kama wanavyopita nyumba yenye mbwa.

Nimefika, nikafungulia redio. Sijui walisema nini.

Ijumaa, 23 Machi

*Muulize bei ya mbuzi.* Nimeondoa. Mvua kutwa.

Ijumaa, 30 Machi

Jana hakuweka kitu. Nimekagua mafaili yote, majalada yote, hata diski. Hakuna. Nimekaa nikiwa na hasira na sijui ni ya nini.

Ijumaa, 6 Aprili

Ameweka. Kumbe wiki iliyopita alichelewa tu kwa mvua. Safari hii imeandikwa *Mzike Mshambaa*, na ukilibofya inafunguka ile programu ya muziki, kimya kabisa, haina hata wimbo mmoja.

Nimecheka peke yangu mle chumbani mpaka mwanamke wa duka la jirani akachungulia. Sijaliondoa. Nitaliondoa Jumatano, kesho yake atafika akute nimeshafuta, ahangaike kutafuta jingine.

Jumanne, 10 Aprili

Siku mbaya.

Asubuhi alikuja mama Dorkasi, kiongozi wa umoja wa akina mama kanisani kwetu, na programu ya ibada ya Pasaka. Ni mama mwema, mpole, hajawahi kunisemesha neno lisilo la kanisa. Akasogeza kiti karibu ili tusahihishe pamoja. Programu ya mwaka jana niliiweka kwenye jalada lenye jina la Efrazia, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiandika kwa mkono wake nami nikainakili humu nilipoinunua mashine. Jalada hilo lina hiyo programu, na wasifu wake tuliousoma siku ya maziko. Basi.

Nikabofya kitufe cha kulia ili ninakili. Menyu ikashuka. Pale palipoandikwa *Efrazia*, pembeni yake, kwa herufi zinazosomeka mpaka mlangoni: *Mzike Mshambaa*.

Mama Dorkasi alisoma. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. "Mzee Rubeni," akasema, "nani anakutakia kifo?"

"Ni utani, mama."

"Utani? Juu ya marehemu?"

Nilitaka kumweleza kwamba neno lile liko kwenye majalada yote, halikumlenga Efrazia. Nilitaka kumwambia mtani kazi yake ndiyo hiyo. Yeye mwenyewe ni Mshambaa, anajua. Lakini alikuwa ananitazama kwa huruma, na mimi huruma hainifai, nikaona aibu mpaka masikioni. Nikasema, "Nitamkanya."

"Mkanye, mzee. Umri wako unataka heshima."

Programu imechapwa, imechukuliwa. Nimekaa na lile neno mbele yangu jioni nzima. Lilelile lililonichekesha Ijumaa.

Alhamisi, 12 Aprili

Mvua imenyesha tangu alfajiri, bati lilikuwa linapiga kelele hata usisikie mtu anayeongea. Mwajuma akaingia bila hodi, akakung'uta mwavuli wake juu ya karatasi zangu, akasema, "Kumbe hujafa! Na mimi nimeacha wanafunzi nikijua leo nala pilau la matanga."

Nikasimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu juzi, nimeyapanga kama dokezo la ofisi.

"Binti," nikamwambia, "mimi ni sawa na baba yako mzazi. Kuanzia leo ukiingia humu utaniamkia. Na mambo ya kuchezea menyu ya kompyuta yangu yaishe. Hapa ni mahali pa kazi."

Akacheka. Alidhani ni utani wa aina mpya. "Jamani, Mshambaa leo kavaa tai ya marehemu nani?"

"Sitanii, Mwajuma. Niamkie."

Nimewahi kumwona mtu akishuka uso namna hiyo mara chache. Alinitazama, akatazama kompyuta, akanitazama tena kuhakikisha. Kisha akaweka mwavuli chini. Akapiga goti kidogo, vizuri sana, kama alivyofundwa kwao Handeni na bibi yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani sana, mzee. Sikujua."

Akakaa kwenye kiti, akaondoa lile neno kwenye menyu, akanionyesha kuwa limetoka, akauliza kama kuna tatizo jingine. Nikasema hakuna. Akasema, "Haya mzee, Mungu akujalie Pasaka njema." Akatoka kinyumenyume hadi mlangoni. Chai hakuigusa.

Nilikuwa nimeshinda, tena mbele ya Mzigua, jambo ambalo babu yangu hakuliweza. Nikafunga chumba mapema.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Sikuandika juu ya maziko ya Efrazia humu. Niyaandike leo, siku yenyewe inaruhusu.

Siku zile za matanga mimi sikulia. Watu walisema, Rubeni ana moyo wa jiwe. Sikuwa na moyo wa jiwe, nilikuwa nimekauka tu, machozi yalikataa. Siku ya tatu wakapanda wanawake wa gulio la Soni, ambao Efrazia alikuwa akiwauzia pea na matundadamu, na miongoni mwao Mzigua mmoja nisiyemfahamu. Akaingia ndani moja kwa moja, akatoka amejifunga kanga ya Efrazia, ameshika mwiko wa Efrazia. Akatembea uwanjani akiburuta mguu wa kushoto kama alivyoburuta yeye tangu alipovunjika. Akanijia mbele ya mchungaji na wazee wote, mkono kiunoni. "Rubeni! Umefunga mlango? Una hakika umefunga? Rudi ukaangalie!"

Miaka yote ya ndoa yetu Efrazia alinisemesha hivyo kila tulipotoka. Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Na mimi nikacheka. Nikacheka mpaka kile kicheko kikageuka katikati, na yale machozi yaliyogoma yakatoka yote, na yule Mzigua akakaa chini kando yangu na mwiko wake, akisema, "Haya, lia sasa, Mshambaa, lia, mlango nimefunga mimi."

Ndivyo nilivyomjua Mwajuma. Huyo ndiye niliyemwambia aniamkie.

Jumanne, 17 Aprili

Nimeamua kufanya kazi. Hasira hasara, lakini kazi ni kazi. Nitaisafisha hii menyu kwa kanuni za masijala: kitendo ambacho sijakitumia tangu niinunue mashine, kinatoka. Nimetoa muziki. Nimetoa kubana. Nimetoa Udachi wote. Kila ninapotoa, orodha inapungua, na kitufe cha kulia kinaitika upesi zaidi. Laiti Mwajuma angeona.

Alhamisi, 19 Aprili

Hakuja. Mvua kubwa.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimeharibu.

Niliendelea kuondoa vitendo vya majalada, na kumbe nimeondoa kimoja ambacho hakikupaswa kuondoka. Sasa nikibofya jalada mara mbili, halifunguki. Linakuja dirisha la kutafutia, na lenyewe linauliza unatafuta nini na ukitafute wapi. Nikafunga. Nikabofya jalada jingine. Unatafuta nini? Nikabofya la Efrazia. Unatafuta nini?

Naandika haya kwa kalamu, nyuma ya karatasi za Pasaka zilizoharibika. Siwezi kuketi na mashine inayoniuliza maswali.

Jumatatu, 23 Aprili

Mteja alitaka katiba ya kikundi chao. Nimemwambia arudi.

Alhamisi, 26 Aprili

Hakuja. Dereva wa lori la kabichi anasema udongo umeporomoka chini ya Soni na mwingine juu yake, barabara imefungwa. Namshukuru Mungu, na ninajua ni dhambi kushukuru kwa jambo hilo. Maana barabara ikiwa imefungwa, hakuna mtu aliyekataa kuja.

Alhamisi, 3 Mei

Barabara bado.

Jumanne, 8 Mei

Imefunguliwa jana. Kabichi zinashuka. Nimefagia chumba, nimenunua majani ya chai mapya.

Alhamisi, 10 Mei

Nimemwona. Alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wake, anatoka kufundisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni tangu asubuhi, nikijifanya natazama mvua. Nilitaka kumwita. Nilitaka nimwite "wewe Mzigua mla panya", ndivyo nilivyozoea kumwita. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

Akaniona. Akasimama kabisa, akainama, akasema kwa sauti ya kunifikia, "Shikamoo, mzee!"

Na mimi, kwa mazoea ya maisha yangu yote, nikajibu, "Marahaba!"

Akaendelea na safari yake. Alifanya nilichomwagiza, na alikifanya kwa adabu zote. Ningemlaumu kwa lipi?

Nina upweke. Nimeliandika, limeandikika.

Jumapili, 13 Mei

Mahubiri marefu. Shikamoo nyingi.

Jumatano, 16 Mei

Nikajiambia: una sababu nzuri, mashine ni mbovu. Tuma salamu na dereva wa lori, fundi atakuja, ni kazi yake. Nikafika mpaka kwa dereva. Nikamuuliza bei ya karoti, nikarudi.

Akija kwa ajili ya mashine ataniamkia, atatengeneza, ataaga. Mashine itapona na mimi nitabaki hivi hivi.

Ijumaa, 25 Mei

Nimetengeneza mwenyewe! Katika ile orodha ya vitendo, kimoja huandikwa kwa herufi nene. Hicho ndicho kinachotendeka ukibofya mara mbili. Nilipokuwa nafagia fagia, unene ulihamia kwenye kutafuta. Nimekirudisha *Fungua* mahali pake, nikakipa unene wake. Nikabofya jalada, likafunguka. Nimepiga kofi la furaha peke yangu. Nikageuka kumtazama mtu wa kumwambia, na nyuma yangu kuna ukuta na kalenda.

Jumatatu, 28 Mei

Menyu yangu sasa ni fupi, safi. Nikibofya inashuka papo hapo. Kuna kufungua, kukata, kunakili, kufuta, kubadili jina, na sifa za faili. Mama Dorkasi alipita kuchukua barua ya umoja wao, nikamwonyesha. Nikabofya, ikashuka. Nikabofya tena, ikashuka tena.

"Hongera, mzee," akasema. "Kazi nzuri." Akaangalia kwa adabu mpaka alipoona muda wa adabu umetosha, akaaga.

Alhamisi, 7 Juni

Mvua zimekwisha, baridi ndiyo inaingia. Alhamisi nyingine.

Leo nimefanya jambo la kijinga na sioni aibu kuliandika. Nimefungua lile dirisha la vitendo, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: *Mzike Mshambaa*. Nikalielekeza kwenye programu ya muziki kama alivyofanya yeye. Nikafunga. Nikanywa maji. Nikarudi kwenye kiti kama mtu asiyejua kitu, nikabofya kitufe cha kulia.

Likashuka. Nikalisoma. Halikunichekesha hata kidogo. Mtu hawezi kujitekenya akacheka.

Nimeliondoa.

Jumanne, 12 Juni

Leo nimeshuka Soni.

Nimekaa mbele kwenye pikapu ya mboga, sanduku la karoti mapajani. Njiani nilikuwa nikitafuta sababu ya kwenda na sikuipata. Kompyuta haiumwi. Karatasi ninazo. Wino ninao. Nikashuka sokoni, gulio limejaa, nikamuuliza mama wa nyanya chumba cha kompyuta kiko wapi, akanielekeza kwa kidevu.

Mwajuma alikuwa peke yake, wanafunzi wameenda kula. Naye alikuwa ndiyo kwanza anafunua sahani yake: ugali, mlenda, na samaki mkavu mmoja wa kukaanga. Aliponiona akasimama upesi, akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kuacha shikamoo ya mtu ielee hewani. 

"Karibu mzee, kaa. Kompyuta imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Menyu inachelewa tena?"

"Haichelewi. Nimeisafisha yote."

"Hongera. Sasa nikusaidie nini, mzee?"

Nilisimama pale, mtu mzima, kofia mkononi, na niliona kwamba nikisema samahani ataniambia "hamna neno, mzee," na tutakuwa tumeachana vizuri kwa heshima mpaka tufe. Samahani ni neno la watu wanaoheshimiana. Halikunifaa.

Kuna jambo moja watani wanaruhusiwa, na nimeona wengine wakilifanya tangu utoto, lakini mimi sikuwahi, maana nililelewa na mwinjilisti. Mtani akikukuta unakula, anaweza kukunyang'anya. Hupaswi kumzuia.

Nikaona beseni la maji ya kunawa. Nikanawa, kwa sababu siwezi kula bila kunawa. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikavuta sahani yake. Nikamega tonge kubwa kuliko adabu yangu, nikalichovya kwenye mlenda, nikala.

"Mzee?"

Nikamega jingine.

"Mzee, unajisikia vizuri?"

"Huu ugali ni mbichi," nikasema na mdomo umejaa. "Ndiyo maana Wazigua mna miguu kama kijiti cha kufungia mlango."

Huko nje watu walikuwa wakipatana bei za viazi. Sikuthubutu kumtazama. Nikawaza, umekwisha, Rubeni, umemlia mjane chakula chake na atakuitia mgambo. Nikanyoosha mkono, nikachukua yule samaki, mzima, nikamng'ata kichwa.

Mwajuma akapiga meza kwa kiganja.

"Mwiziii! Jamani njooni! Njooni muone! Mshambaa ameteremka mlimani na njaa yake, anakula samaki wa mjane!"

Wakaja. Mama wa nyanya, mama wa vitunguu, wauza mitumba, wakajaa mlangoni. "Tazameni! Hata mifupa hatemi! Huko kwao wamekula makande mpaka wakasahau samaki ana miba! Wewe, si nilisema tukuzike? Nilisema tukuzike, ukakataa, ona sasa umefufuka na njaa!"

Gulio zima lilicheka. Na mimi nikacheka, mwiba ukanikaa kooni, nikakohoa mpaka machozi, naye akawa ananipiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya alivyohitaji, huku akinitukana mimi, babu yangu, na mlima wote. Niliposhusha pumzi na watu wakarudi kwenye biashara zao, akavuta kiti, akakaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilidhani umenifukuza," akasema.

"Nilikufukuza."

"Kwa nini?"

"Mama wa kanisani alilisoma neno lako. Nikaona aibu."

"Na wewe ulilisoma?"

"Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi we Mshambaa ni mjinga."

"Mjinga kabisa."

"Tena aliyekasirika ndiye aliyeshindwa. Utatoa kuku. Jogoo, si kifaranga." Akanitupia kitambaa nipanguse mdomo. "Ondoka, wanafunzi wangu wanarudi, wasije wakadhani nafuga wazee."

Nimerudi na pikapu ya jioni. Sikumbuki njia.

Alhamisi, 14 Juni

Ukungu umeingia mpaka mlangoni, baridi kali. Kabla ya saa sita Mwajuma amesukuma mlango, amenisukuma na mimi nitoke kwenye kiti changu, amekaa. Hakuniamkia.